Picha ya Mto

Jumatatu, 4 Machi
Naandika kabla sijafa. Daktari ameacha hata kunikataza chumvi. Nimewaficha jambo. Kamera aliyoweka mwanangu sebuleni ili nitazamwe nikilala, naitazama mimi kwenye simu. Namvizia mdogo wangu. Alikuja kunijulia hali kwa wiki moja. Huu ni mwezi wa tatu yupo. Kaketi kwenye kiti changu cha dirishani, eti upepo utaniua. Mimi nimesukumiwa ukutani kama kabati. Lazima aondoke. Nahitaji ushahidi.

Jumanne, 5 Machi
Nimeisimamisha video alipokuwa akila biskuti zangu, nikapiga picha. Ukungu mtupu. Anaonekana kama pazia. Nilipomlalamikia akasema, "Kaka, ungezitafuna kwa meno yapi?" Mkamwana akauliza nahangaika nini na simu. Nikamjibu nasoma habari. Akataka kujua ni habari gani hizo zinazotukanwa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeweza. Unaisogeza video kidogo kidogo kwa kidole, kama mtu anayechambua mchele, halafu unaikamata. Ya leo mchana: mimi nimelala, yeye kaniinamia, mto mikononi, juu ya uso wangu. Muuaji kamili. Nimeituma kwa ukoo mzima. Sikuongeza neno. Kizuri chajiuza.

Ijumaa, 8 Machi
Nyumba inawaka. Dada yetu amepiga simu akilia. Mwanangu kamwambia baba yake mdogo afunge mizigo. Yeye akasema tu, "Kaka aulizwe." Nikaulizwa. Nikasema nilikuwa usingizini, sijui kitu. Kesho anaondoka. Nimerudishiwa kiti. Kuna upepo mbaya hapa dirishani.

Jumamosi, 9 Machi
Mkamwana, ambaye hakuna aliyemtuma, kaifungua video nzima mbele ya watu. Shingo yangu imepinda, mate yananitoka. Mdogo wangu ananifuta, ananiinua kichwa, anauweka mto chini yake. Mwanangu akasema, "Baba, hii ni aibu." Nikamjibu kuwa picha haisemi uongo, video ndiyo inayorefusha maneno.

Jumapili, 10 Machi
Begi limefunguliwa. Karudi kwenye kiti changu, anamenya chungwa, ananitengea vipande laini. Nimekwisha kuikamata picha pale alipoinua kisu. Inafaa sana. Natafuta tu yenye mwanga mzuri zaidi, niitume.

Na kwa kuwa nakufa, niseme: Alhamisi ile sikuwa nimelala. Nilifumba macho makusudi, ili asije akaacha kunifuta.