Hoja Kumi na Nne za Kumpeleka Tanbihi

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi moja! Mkutano wa haki duniani, siku tano ng'ambo, na idara yetu ya falsafa inapeleka mtu mmoja. Ni mimi au Tanbihi, mhadhiri mwenzangu asiyeweza kuagiza chai bila kutaja chanzo. Miaka kumi na moja nafundisha wajibu wetu kwa watu wa mbali, na sijawahi kufika mbali popote. Safari hii naenda! Mke wangu kasema nisikimbilie kufunga sanduku. Nilishafunga.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata hila. Nimemshauri mkuu wa idara kila mmoja amtetee mwenzake kwa maandishi, ili ubinafsi ukae pembeni. Mkuu kaguswa, kasema huo ndio uadilifu. Nilijikaza nisicheke. Tanbihi ni mwaminifu kupindukia, atanisifu kurasa ishirini. Mimi nitamtetea kilegelege. Mistari mitano, basi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeandika mistari mitano. Mibovu ajabu! Hoja ya pili haikutokana na ya kwanza. Nikairekebisha kidogo tu, maana hata hila ina heshima yake. Nikaona pingamizi, nikalijibu. Kisha pingamizi la jibu. Mke wangu kaniita mara tatu, chakula kinapoa. Nimefikisha hoja kumi na nne, na nimethibitisha kwamba kumwacha Tanbihi ni dhuluma kwa binadamu wote. Raha iliyoje! Sijaandika vizuri hivi tangu niajiriwe.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mkuu katusomea maandishi yote mawili mbele ya idara nzima. Andiko la Tanbihi kuhusu mimi: aya moja, rejea tisa, zote za vitabu vyake mwenyewe. Langu lilipokwisha, katibu alifuta machozi.
"Mwalimu," mkuu akaniuliza, "una pingamizi lolote?"
Nilitafuta. Nilitafuta kweli.
"Sina," nikasema. Nilikuwa nimeshayajibu yote. Roho iliniuma mpaka nikashindwa kumpa Tanbihi mkono wa safari njema.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kasema siku nyingine niseme tu kwamba nataka kwenda. Nimemweleza kwa upole kuwa hajasomea mambo haya. Isitoshe, cheo cha naibu mkuu kiko wazi, na Tanbihi anakitaka. Nimependekeza utaratibu ulioboreshwa: kila mmoja aandike kwa nini yeye mwenyewe hafai. Mkuu kakubali papo hapo! Nitajiponda kilegelege, mistari mitano. Nimeanza asubuhi. Niko ukurasa wa tisa, na sijaona popote pa kujitetea!