Boneti Niliyotoboa Ili Nimpite Lokwang

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya kanisa nzima hapa Kakuma. (Si nguo za kweli. Za kweli zingekuwa nafuu.)

Mnanijua. Mimi ni Ekai wa Lodwar. Nimetoka hai kwa risasi za wezi wa mifugo. Nimetoka hai kwa ukame uliomaliza mbuzi zangu zote. Shule niliacha darasa la tatu na bado nikajifunza kushika spana. Kitu kimoja tu kimenishinda. Lokwang.

Lokwang ni jirani yangu. Zamani tulikula sahani moja. Tangu mafuta yapatikane huku Turkana mwaka jana, anakodisha magari kwa wachimbaji, na sasa ana gari nyeupe mpya, inang'aa mpaka kuku wanajitazama. Mama akishikwa na uchungu, aitwe Lokwang. Maiti ipelekwe kwao, aitwe Lokwang. Hata mbwa wangu siku hizi analala kwake. (Mbwa pia ni mshtakiwa.)

Sasa Nakiru, binti ya dada yangu, akapata mchumba Kakuma. Dada yangu akaniambia bila kupepesa macho:

"Bibi harusi atabebwa na Lokwang."

"Na mimi mjomba wake?"

"Wewe tutakutafutia nafasi kule nyuma."

Nyuma! Na mizigo! Mimi niliyembeba huyo mtoto mgongoni akiwa na malaria!

Na gari ninayo. Ya mashindano ya zamani, milango miwili, viti viwili, pua ndefu, imelala chini kama mamba. Niliachiwa na mzungu mmoja wa visima akirudi kwao. Shida yake ni joto tu. Kilomita ishirini, inachemka kama chai ya msiba. Lakini Nakiru mwenyewe akasema, "Mama, acha mjomba anibebe." Dada akakunja uso. "Sawa. Lakini ikichemka njiani, Ekai, usinijue tena."

Nikaanza kazi. Mshtakiwa wa tatu hapa ni Deng, yule mfanyabiashara wa Sudan Kusini anayeishi kambini Kakuma. Alikuwa amekuja Lodwar kuuza madebe matupu. Akainama kwa injini, akatikisa kichwa.

"Ya akhui, ndugu yangu, hii gari haina pumzi. Mtu akikimbia na mdomo umefungwa, atafika?"

Maneno matamu! Nikatoboa boneti. Juu ya tundu nikachomelea debe lake moja la mafuta ya kupikia, mdomo ukiangalia mbele umeze upepo. Chujio ya hewa nikang'oa, si inazuia? Nyuma ya boneti, pale karibu na kioo, nikatoa mpira wote na kuinua bati vidole viwili, joto litoke. Kuna na kale kapaipu kanakorudisha moshi wa oili ndani ya injini. Nikachomoa. Nani anataka kula pumzi yake mwenyewe?

Juzi nikaijaribu mpaka karibu na uwanja wa ndege. Wee! Ilikimbia! Sindano ya joto ilikaa chini kama mtoto mwenye adabu. Kasoro ilikuwa moja tu, ndogo. Ule upepo uliotoka nyuma ya boneti ulirudi ndani kupitia matundu ya hewa chini ya kioo, ukanipiga vumbi machoni. Nikaziba tundu la upande wangu na kitambaa. (La upande wa abiria nikaacha. Abiria haendeshi.)

Leo asubuhi tukatoka Lodwar. Nakiru kando yangu, gauni jeupe, shela, maua. Nikafunga vioo vyote nywele zisiharibike. Dada yangu nyuma yetu kwa gari ya Lokwang. Kwa muda mrefu nilikuwa mbele, na Lokwang kwenye kioo changu alikuwa mdogo kama siafu. Siku tamu sijaona kama hiyo.

Tukafika upande wa Lopur, karibu na Kakuma. Lami imekatika, mnashuka pembeni kwa udongo mwekundu, laini kama unga. Nikapunguza. Lokwang akanipita! Na honi akapiga mbili. (Moja haikutosha?)

"Mjomba, tungoje vumbi litulie," Nakiru akasema.

"Lokwang afike kanisani kabla ya bibi harusi?"

"Lakini mjomba, hapa ndani..."

"Jifunike na shela, mama. Tunaenda!"

Nikakanyaga. Nikamshika mkia karibu kabisa, debe likimeza vumbi lake lote, injini ikinguruma kama fisi aliyeona mzoga. Nakiru akakohoa. Akakohoa tena. Kisha akanyamaza. Nikadhani anasali. Macho yangu yalikuwa kwa namba ya gari ya Lokwang tu.

Kwenye mto mkavu wa kuingia mjini nikampita. Wa kwanza kanisani! Nikapiga honi tatu. Nikashuka kifua mbele, nikazunguka, nikafungua mlango.

"Watu wa Kakuma! Bibi harusi!"

Watu wakanyoosha shingo.

Nakiru akashuka. Mwekundu. Moshi wa oili ulikuwa umechanganyika na vumbi, ukaingia kwa lile tundu la abiria, ukampaka kutoka kichwani mpaka kiatu, anameremeta kwa mafuta. Akainua shela. Chini ya shela pia mwekundu!

Nyanya ya bwana harusi, mama wa shanga mpaka kidevuni, alikuwa amenuna tangu asubuhi kwa sababu ya hilo gauni la kizungu. Kwetu bibi harusi wa kienyeji hupakwa mafuta na udongo mwekundu. Nyanya huyo akatoka kanisani, Nakiru akiwa ameshashuka. Akaangalia. "Ejok! Ejok noi!" Vizuri, vizuri sana! Wamama wote wakapiga vigelegele, wakaanza kuruka.

Lokwang akafika. Dada yangu akashuka, akapiga yowe. Nakiru akakimbia kujitazama kwenye mlango wa gari ya Lokwang, maana yangu haionyeshi kitu.

"Mjomba," akasema pale, sauti ndogo, "umenipaka nini?"

"Ni... ni upepo."

Bwana harusi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha, Mungu ni mwema, Nakiru mwenyewe akacheka.

Nyanya akauliza, "Nani ametuletea mke wetu hivi, kama mtu wa kwetu?"

Nikapiga hatua mbele. Shati nikalivuta. Lakini nyanya aliona bibi harusi amesimama kwa mlango wa gari nyeupe! Akamshika Lokwang mkono, akamtemea mate ya baraka, akampeleka kwa wazee, akapewa paja la mbuzi. Na akakubali! "Asante mama, ni kazi ya Mungu."

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Ni gari yangu! Ni boneti yangu!"

Kanisa nzima ikageuka. Dada yangu akasema, kwa sauti ya watu wote:

"Ekai, hata hii unamwonea wivu?"

Sasa niko nyuma ya kanisa na simu. Injini imekula mchanga, haiwaki. Lokwang ametuma mtu aniulize kama nina kamba, anivute mpaka Lodwar. Nimesema sina. (Ninayo.) Tafadhali msicheke. Na kama ni lazima mcheke, angalau msimpigie Lokwang simu ya pongezi.