Joto la Mjukuu wa Gwak

Mtangazaji wa runinga alisema mambo mawili kwa mpigo, na kwa sauti ileile. Kwanza, surua imeingia kwa watoto wa mji wa pili, ng'ambo ya mlima. Pili, kuna mtoto alipata homa baada ya kuchanjwa hiyohiyo surua, homa ikaleta degedege. Amepona, lakini mama yake alionyeshwa akilia. Kisha akaletwa afisa mmoja mwenye tai, akainamia kamera kuomba radhi mpaka tukaona upara. Hao ndio wakubwa zetu. Kuinama wanajua, kueleza hawajui.

Tulikuwa ukumbi wa wazee, kama kila asubuhi ya baridi: makalio kwenye sakafu inayopashwa moto, kahawa ya pakiti kwenye vikombe vya karatasi, karata za maua zimemwagwa juu ya blanketi.

"Mmesikia?" Maeng akatupa karata. Yeye ndiye mwenyekiti wa ukumbi, hata akiomba kimchi ya kabichi anahutubia. "Degedege! Gwak, usithubutu kumpeleka huyo mtoto!"

Gwak alimtazama mjukuu wake, Daon, aliyekuwa amelazwa kwenye kona, kafunikwa mablanketi mawili, zimebaki pua na mashavu mekundu. Katimiza mwaka juzijuzi tu. Wazazi wako kiwandani mjini, habari za sindano wamemwachia babu. Zahanati iko ng'ambo ya barabara, lakini nesi kashamrudisha mara mbili. Joto likizidi thelathini na saba na nusu, hachomi mtu.

"Mwili wenyewe unakataa," Gwak akasema kwa huzuni. "Nyumbani mzima kabisa. Nikija naye hapa kusubiri zahanati ifunguliwe, tukivuka tu, thelathini na saba nukta nane! Hii si ishara?"

"Ishara ya nini, babu wewe?" Huyo ni Mama Yecheon. Aliolewa kutoka Yecheon zamani hizo, na mpaka leo tunamwita kama mgeni aliyeshuka kwenye basi jana.

"Ishara kwamba aachwe!" Maeng akadakia. "Sisi surua tuliugua wote humu. Mama alitufunga ndani, tukatoka vipele, tukapona. Tumekufa?"

"Wote mlipona?"

"Wote!"

"Na Maengsu je? Yule mdogo wako?"

Maeng akachukua karata, akairudisha. Birika likatokota.

"Yule alikuwa dhaifu," akasema taratibu.

"Alikuwa mnene kama huyu. Mama mkwe wangu ndiye aliyeshika taa wakati anazikwa kule nyuma ya kilima. Dhaifu amekuwa baada ya kufa."

Gwak akageuka rangi. "Kwa hiyo nikimchoma, degedege. Nisipomchoma, kilima. Sasa nyie mnanisaidia au mnanichinja?"

Hapo nikaweka kikombe chini. Mimi wananiita Mpinzani, kwa sababu tangu nipate akili sijawahi kukubaliana na kiongozi yeyote, hata yule wa kugawa mbolea. Darasani sikufika mbali. Wote walijua nitasema nini. Hata Maeng alishaanza kuitikia kwa kichwa kuniunga mkono.

"Mchome," nikasema.

"Eeh?" Maeng karata zikamponyoka. "Wewe? Wamekulipa?"

"Sikia, Gwak. Homa ya sindano ni ya siku mbili tatu, vipele kidogo, analialia, kwisha. Hiyo degedege ni mara chache sana, na yule mtoto kapona, umemwona. Surua yenyewe inaingia mapafuni, inapanda kichwani, na homa zake na degedege zake juu. Sasa niambie, akizidiwa nayo utampeleka wapi?"

"Hospitali."

"Hospitali ipi?"

Gwak akamvutia mtoto blanketi juu zaidi.

"Mimi nilipanda lile gari la wagonjwa na mke wangu," nikasema. "Kanishika mkono. Hospitali ya kwanza, kitanda hakuna. Ya pili, daktari hayupo. Ya tatu, hata simu hawakupokea. Tulizunguka mji kama watu wanaotafuta pa kuegesha. Mkono ukalegea tukiwa njiani kwenda ya nne. Halafu akatokea bwana mkubwa mmoja, akainama! Mimi watu wale siwaamini hata chembe. Ndiyo maana nakwambia mchome. Ukimchoma, unawahitaji nusu saa. Akiugua, unawahitaji wiki nzima!"

"Kumbe unaiunga mkono serikali," Maeng akanung'unika.

"Naiunga mkono mama yako! Nataka mtoto asifike mikononi mwao."

Gwak akajikuna. "Haya, nimeelewa. Na joto je?"

Mama Yecheon akainuka amchukue mtoto. Ile kona ndiyo penye moto kuliko kote, moto wa kuni unapita chini yake. Ni mahali pa heshima, anakaa mkubwa wa ukumbi au mgeni tunayempenda. Kwa heshima tele, kila asubuhi ya sindano tulimpisha Daon. Mama Yecheon akaweka goti, akaruka nalo.

"Yalaa! Mnamchoma mtoto! Gwak, hapa panaiva viazi!"

"Tulimpa nafasi ya heshima," Maeng akajitetea.

"Mpe heshima hiyo mjukuu wako!"

Tukamfunua, tukamsogeza karibu na mlango. Akapoa taratibu, akala wali laini bakuli zima, akamvuta Maeng nyusi. Tukavuka barabara wote, Maeng naye, eti kama shahidi.

Nesi akampima. Thelathini na sita nukta tisa. Daktari akamsikiliza kifua, akakubali. Sindano ikaingia, Daon akalia kama king'ora, akapewa andazi la mchele, akasahau.

"Mkae nusu saa hapa tumwangalie," nesi akasema, huku akifungua jokofu. "Vizuri mmekuja wote. Na nyie wazee, mafua ya mwaka huu mmeshachanjwa?"

Maeng akakumbuka kaacha birika motoni. Mama Yecheon akakumbuka kabichi zake ziko kwenye chumvi. Mimi nikakumbuka siiamini serikali.

Gwak peke yake hakuwa na pa kukimbilia: mtoto mgongoni, na nusu saa ndiyo kwanza imeanza. Tulimsikia mpaka ng'ambo ya barabara. Mjukuu hakulia vile.