Kuhusu Kigimbi Changu na Mikono ya Binti Yako

Mama Mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na magoti yamepunguza kukusumbua. Mimi ni mzima kuanzia kichwani mpaka gotini; habari za kutoka hapo kwenda chini ndizo zilizonishikisha kalamu. Juzi nilipopiga simu uliniambia, "Weka kwa maandishi, baba, maana mdomo wako una mafuta." Nimetii. Najua si adabu kumtajia mama mkwe habari za miguu, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Leo ni siku ya kumi na sita tangu binti yako aje kwako na sanduku lake. Sanduku sina neno nalo. Neno langu ni kwamba ameondoka na mikono, na ile mikono ina kazi huku. Kwa miaka kumi na tisa, kila kigimbi changu kinapokaza usiku kikawa kigumu kama jiwe la kunolea, mimi hupiga yowe moja tu, naye huamka. Taa hata hawashi. Anavivuta vidole vya mguu vije juu, halafu anachua taratibu kutoka kisigino kwenda gotini, huku ananisema: "Punguza kelele, kwani unajifungua? Vuta pumzi. Legeza. Legeza, nimesema!" Dakika tano, msuli umelainika, nimelala. Sasa mama, huduma ya miaka kumi na tisa inakatwaje bila taarifa?

2. Kujichua mwenyewe hakuwezekani. Kati yangu na mguu wangu kuna kitambi. Nikifanikiwa kukizunguka, mkono unafika umechoka. Tena mkono wangu haunisemi, na nimegundua kule kusemwa ni nusu ya dawa.

3. Nilimwita jirani yetu seremala anisaidie. Mtu mwema, ila alikishika kigimbi kama anapiga randa. Alipomaliza akakipapasa kwa kiganja kuona kama kimenyooka, akatikisa kichwa: "Hapa kuna fundo, bwana Gundi. Mbao ya namna hii sisi huwa hatununui."

4. Siku ya harusi mlinikabidhi binti mzima. Sikumbuki mtu kusimama akatangaza kwamba mikono inabaki kwenu. Kwa hiyo napendekeza hivi: mchana akae kwako, mnisengenye mpaka mchoke, halafu jioni arudi huku kwa zamu ya usiku, kama nesi. Kama hilo ni gumu, niazimeni shemeji yangu yule mfyatua matofali, mikono anayo. Naye asipopatikana, ukoo ukae kikao uchague mtu. Wewe mwenyewe sikuombi, mama. Kuna mambo ambayo hata mguu ukikatika hayafanyiki.

5. Nasikia huko inasemwa kwamba nilimkosea. Nilitaka kuandika kuwa sababu ni ndogo, nikaandika, nikakata. Ilikuwa hivi. Usiku ule wa Jumamosi msuli ulimkaza yeye. Sijui kama ndiyo mara yake ya kwanza au ndiyo mara ya kwanza kuniambia. Aliniita, "Baba watoto. Mguu. Nisaidie mguu." Nilisikia, mama. Nilisikia vizuri kabisa. Ila blanketi lilikuwa limeshika joto, nikajiambia ataweza tu, si yeye ndiye mtaalamu? Basi nikakoroma. Sikuwa na usingizi hata wa dawa. Nilikoroma kwa makusudi.

6. Na hapa nalalamika kwamba binti yako ananijua kupita kiasi. Kumbe kukoroma kwangu kwa kweli huanza na mluzi. Mimi ningejuaje? Mtu hajisikii akiwa amelala. Nilikoroma bila mluzi. Nikamsikia anateremka kitandani, anashika ukuta, anachechemea mpaka jikoni, anarudi, anakwenda tena. Nami nikaendelea kukoroma, maana nilishaanza, ningeishia wapi? Asubuhi, sanduku likiwa mlangoni, aliniambia, "Endelea kupumzika, bwana. Na ukikoroma leo, usisahau mluzi."

7. Aliacha viatu vyake vya kazini. Wewe unajua, kule kwa dobi anapiga pasi amesimama toka asubuhi mpaka jioni. Mimi kazi yangu nafanyia kwenye kigoda. Nilivigeuza. Soli zimelika zote mbili, kidole kinapita. Mama, mtaa huu wote unatembea juu ya gundi yangu, kuanzia mwalimu mkuu mpaka muuza mkaa! Nilitaka kulalamika kwamba hakuwahi kuniletea nivitengeneze. Halafu nikakumbuka aliniletea, mwezi wa tatu, nikamwambia asubiri wateja waishe. Na wateja, mama, hawaishi.

Kwa hoja hizo saba, ambazo naona kuanzia ya tano zimegeuka zinanishitaki mimi, naomba mikono irudishwe mahali pake upesi, pamoja na mwenyewe.

Nisalimie baba mkwe, nisalimie mashemeji wote, na yule mfyatua matofali mwambie asiogope. Msalimie na mama wa nyumba ya pili anayesikilizia ukutani. Msomee kwa sauti asihangaike.

Ni mimi mkweo, ninayekuheshimu nikiwa nimekaa na nikiwa nimesimama,
Gundi, fundi viatu.

Nyongeza: Mama, nimeisoma tena barua hii, nimeona siwezi kuituma na uongo ndani yake. Tangu aondoke, mguu wangu haujakaza hata usiku mmoja. Ni mzima kabisa. Hata seremala nilimwita mguu ukiwa hauniumi; nilitaka tu mtu wa kunisema kidogo. Saa tisa ya usiku naamka mwenyewe, nangoja msuli ukaze, haukazi, na kitanda ni kipana mno. Kwa hiyo futa namba zote, futa zamu ya usiku, futa na kikao cha ukoo. Usimwambie arudi. Jumamosi nitakuja mwenyewe na chupa ya mafuta ya kuchulia. Akikataa kunifungulia, nitakaa hapo barazani. Ila kabla sijafika naomba umuulize kitu kimoja: mguu uliomkaza ulikuwa wa kulia au wa kushoto? Usiku ule sikuuliza.