Onyo la Tatu kwa Nafsi Yangu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Semina ya ofisi nzima, ukumbini. Mada: kuiongoza nafsi. Mkufunzi, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, alisema asiyeweza kujiongoza hafai kupewa hata kuku awachunge. Wenzangu waliandika. Mimi niliitikia kwa kichwa tu. Hayo niliyasoma chuoni kwa maalimu, juu ya mkeka, kabla mama wa binti huyo hajaposwa: nafsi ni mnyama wa kupandwa, na mwenye kuilegezea hatamu huishia shimoni.

Nafasi ya Mkuu wa Masjala iko wazi. Usaili ni Jumatatu ijayo. Waombaji wawili: mimi, mwenye miaka thelathini na mmoja kati ya majalada, na Bi Kalamu, mwenye miaka tisa kazini na kalamu iliyochomekwa kilembani. Nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Nikiikosa hii, nitatoka kama nilivyoingia: karani.

Jioni nimejiteua kuwa mkuu wa nafsi yangu. Barua ya uteuzi nimeiandika, nimeitia saini, nimeipokea kwa adabu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mtumishi wangu, yaani nafsi, amesinzia kitini baada ya swala ya adhuhuri. Muda wa yai kuchemka. Nimemtaka ajieleze kwa maandishi. Amesingizia joto. Utetezi umekataliwa, onyo la kwanza limetolewa.

Bi Kalamu alipita akauliza, babu, barua ndefu hivyo unamwandikia nani? Nikamwambia, mvivu mmoja. Akasema maskini, ana watoto huyo? Nikasema sita. Huruma yake haikunitikisa. Uongozi si lelemama.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Jambo zito. Ngazi ya kufikia rafu za juu imefichwa stoo, nyuma ya mafagio. Aliyeificha ni nafsi, ili Bi Kalamu aonekane mzito wa kazi wiki hii ya usaili. Nimeifuma papo hapo, mikono ikiwa bado ina vumbi. Onyo la pili: kumhujumu mtumishi mwenzako. Lugha niliyotumia ilikuwa kali hata nilitetemeka kuipokea.

Ngazi sikuirudisha. Mwenye kosa ni mtumishi, ngazi haikuhusika.

Bi Kalamu amepanda kiti siku nzima, akizibembeleza rafu: nishushie hilo mwenzangu, usinivunje kiuno, nina mume nyumbani.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimemwambia mkwe wangu kwa simu kwamba cheo nimeshapewa. Mke wangu alisikia. Akauliza umepewa na nani, baba watoto, maana jana ulikuwa bado unakiombea dua. Uongo, na juu yake majivuno. Onyo la tatu, na la mwisho.

Kisha taratibu za kazi. Barua inayomhusu mtumishi hukaa katika jalada la mtumishi. Miaka yote hii sijaacha karatasi ikazurura. Nimezigonga mhuri zote tatu, nimezipa namba 88, 89 na 90, nimezifunga katika jalada langu. Zimepangika kama meno ya mtoto. Nani mwingine humu angeziweka hivyo?

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Katibu wa kamati ya usaili amekuja kuchukua majalada yetu mawili. La Bi Kalamu jembamba kama kadi ya mwaliko. Langu nene, vidole vinne. Nikamwambia katibu kwamba uzito ule ndio uzoefu. Bi Kalamu akadakia kwamba hata la mgonjwa huwa nene, babu.

Wivu. Nimemsamehe.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Usaili. Afisa Utumishi, mama mpole mwenye miwani, alifungua moja kwa moja namba 88. Akauliza ni mkuu gani aliyeandika haya, mbona saini haisomeki? Nilimweleza kwamba saini ya kiongozi haistahili kusomeka upesi, na kwamba kiongozi huyo ni mimi.

Mjumbe mmoja alikohoa ndani ya kitambaa kwa muda mrefu.

Mama akainama kunielekea. Akasema, mzee wangu, haya yalikuwa mazoezi ya semina tu, sivyo? Sema ni mazoezi, tuendelee na mengine.

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Lakini kuupita ni kumkana mkuu wangu, na kuugeuza mhuri wa ofisi kuwa mchezo wa watoto. Nikasema tuhuma zote ni za kweli, ngazi iko stoo, na mkuu ametenda haki.

Akavua miwani. Akauliza, basi ungekuwa wewe, mtumishi huyu ungempa Masjala?

Nikaitazama kesi pande zote, kama inavyompasa kiongozi. Nikasema simpi.

Nilitoka kifua mbele.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Amepewa Bi Kalamu. Aliniletea chai mezani, akasema, babu, niliomba kazi peke yangu, sikujua kumbe nina wakili. Nikamwombea kheri kwa moyo safi, au ulio karibu na usafi. Akasema nikitaka, zile barua atazitoa jaladani kimyakimya. Nikamjibu kwa upole kwamba karatasi yenye namba haitolewi. Ajifunze mapema.

Nyumbani mke wangu alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Akasema ameona watu wakiangushwa na maadui, ameona wakiangushwa na ndugu. Wa kujiangusha kwa mhuri ndiyo kwanza amwone, naye ndiye mumewe. Nimeichukua kuwa sifa.

Namshukuru Mola. Wengi hushindwa na watu wa nje. Mimi nimeshindwa na kiongozi bora kabisa niliyewahi kufanya kazi chini yake, na uongozi wa namna hiyo haufai kupita bila pongezi. Nimeanza kuiandika barua. Ila barua ya kumpongeza mkuu hutiwa saini na aliye juu ya mkuu, na juu yake hakukuwa na mtu.

Nimeshamteua, na barua ya uteuzi nimeipokea mwenyewe kwa adabu. Ameripoti kazini alasiri hii, na amesema jalada lile linahitaji juzuu ya pili.