Muujiza wa Dashibodi

Habari iliyoamsha benchi la Mama Anisia asubuhi ile haikutoka redioni. Isingeweza kutoka huko, maana redio ya Ansgar ilikuwa haijaonja betri tangu maduka ya Runzewe yaanze kuuza rafu na vumbi. Lakini Ansgar, ambaye mji mzima ulimwita Redio, hakuwa mtu wa kukosa habari ati kwa sababu ya betri.

"Jamani, Moyo umehamia kabisa!" alisema kabla hata hajakaa. "Hauzimiki tena. Jana umewaka kutoka Ushirombo mpaka hapa, njia nzima, mchana kweupe."

"Moyo wa nani?" aliuliza Kamili. Huyu alikuwa amerudi juzi tu kutoka mashimo ya dhahabu ya Geita, na alichorudi nacho ni kikohozi na jina la Sururu.

"Wa Bwana Yesu. Kwenye Pijo ya Gia Tatu. Wewe ulikuwa chini ya ardhi, utajuaje?"

Gia Tatu mwenyewe alikuwa pale pale, ukingoni mwa benchi, akitazama ndani ya kikombe chake cha kahawa. Jina lake halisi ni Bujiku. Hilo jingine alipewa kwa sababu gia ya nne hakuwahi kuiamini. Pijo hiyo, pikapu aliyoiendesha, mali ya Mzee Mageni mwenye duka, ilikuwa imeegeshwa mbele yao na jiwe kubwa nyuma ya gurudumu. Hendibreki ilikuwepo, lakini kazi yake ilikuwa kuning'inizia kikapu.

"Ngosha, hebu nieleze wewe mwenye gari," Kamili alimgeukia. "Moyo unawaka vipi?"

"Unawaka tu," Bujiku alisema.

Na kweli ulikuwa unawaka. Kwenye dashibodi ya Pijo ile palikuwa na kitaa chekundu kilichowaka kila Bujiku alipozungusha ufunguo, kisha kikazimika injini ikishanguruma. Abiria walinung'unika kwamba kinawatazama kama jicho la fisi. Basi Bujiku akachukua picha ya Moyo Mtakatifu, zile ndogo wanazopewa watoto misheni wakipata kipaimara, akaibandika pale kwa gundi ya fundi viatu. Kwa bahati, au kwa balaa, moyo wa kwenye picha ukaangukia sawasawa juu ya kitaa. Kesho yake alipowasha gari, moyo ukang'aa mwekundu, na akina mama wa kwaya waliokuwa ndani wakapiga vigelegele. Bujiku alifungua mdomo ili aeleze, kisha akaufunga.

Aliufunga kwa ajili ya Melania. Mwalimu Otmar, katekista, baba yake Melania, alikuwa amekwisha tamka kwamba binti yake haendi kwa mtu anayeonekana kanisani Jumapili ya Matawi tu, tena kwa sababu ya kubebeshwa matawi. Baada ya Moyo kuwaka, Mwalimu Otmar alimwita Bujiku nyumbani, akamkaribisha kiti chenye mto. Na leo hii Mwalimu alikuwa anakwenda naye Ushirombo kumweleza Padri mambo mawili kwa mpigo: muujiza uonwe, na ndoa itangazwe.

"Mimi nasema ni umeme," alisema Kamili.

"Umeme Runzewe?" Redio alicheka mpaka akapiga paja. "Umeme wenyewe mimi nauona kwenye mawingu tu."

"Wa gari, bwana! Gari lina umeme wake."

"Basi kapande tuone. Moyo hauwezi kumwakia mtu kama wewe. Ulikiri dhambi lini mara ya mwisho?"

Kamili akainuka. Alikwenda akafungua mlango, akakaa kiti cha abiria na vumbi lake la mashimo, na Bujiku akasukumwa kwenda kuzungusha ufunguo bila kuwasha injini. Moyo ukawaka, tena kwa nguvu.

"Mayu!" Redio alishika kichwa. "Umemwakia Sururu! Hiyo sasa ni huruma iliyopita kiasi."

"Zima, tena washa," alisema Kamili, naye ameanza kuingiwa na shaka juu ya usafi wake. Bujiku akazima, akawasha. Moyo ukawaka vile vile. Kamili akashuka akiwa mpole kidogo.

"Zamani ulikuwa ukisalimia tu," Redio alieleza kama mtu aliyekuwepo tangu mwanzo wa dunia. "Gari likinguruma, unapumzika. Sasa wiki hii ukaanza kuwaka kwenye kona. Jana haukuzimika kabisa. Na injini nayo inapiga ngoma. Kon-kon-kon! Inashangilia."

Bujiku alizisikia hizo kon-kon-kon tangu jana, na hazikumpendeza. Lakini angejuaje? Yeye alijifunzia udereva kwenye lori la kubebea pamba ambalo dashibodi yake ilikuwa na matundu matupu. Mishale yote ilikuwa imelala, taa zote zilikuwa zimekufa, na joto la injini walilipima kwa kuweka kiganja juu ya boneti. Kwake yeye, kitu chochote kinachowaka ndani ya gari kilikuwa dalili ya afya.

Mwalimu Otmar akatokea, koti jeusi, mkoba kwapani, rozari mkononi.

"Shikamoo Mwalimu!" walimwamkia wote kwa pamoja, hata Mama Anisia aliyekuwa akigeuza vitumbua.

"Marahaba, wanangu. Bujiku, uko tayari?"

"Tayari, Baba."

Hilo neno Baba, Bujiku alilitamka kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Mwalimu," Kamili alisema, "mimi bado nina neno. Kule duarani, shimoni kwetu, tulikuwa na injini ya kuvuta maji. Ilikuwa na kitaa chekundu kama hicho. Kikawaka. Tajiri akasema acheni, inajipamba. Jua halijafika kichwani, injini ikalia kama mbuzi, ikakaza, ikanyamaza moja kwa moja. Maji yakajaa, watu tukapanda juu mbio, mimi nikatoka na suruali ya mwenzangu. Kumbe oili ilikuwa imekwisha."

"Na mwenzako alitoka na nini?" aliuliza Redio.

"Usiniharibie hadithi."

Mwalimu Otmar alitabasamu, lile tabasamu la mafundisho ya watoto.

"Sururu, mwanangu, kwenye suala la taa nyekundu usibishane na mimi. Taa ya altareni nani anaitia mafuta? Ni mimi, tangu wewe hujazaliwa. Taa ile ikiwaka, maana yake nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Mafuta yapo. Na ikizimika?"

"Mafuta yamekwisha," Redio alidakia.

"Yamekwisha, na mimi nakimbia mbio kabla Padri hajaona. Sasa niambie, hii ya Bujiku inawaka au haiwaki?"

"Inawaka," Kamili alikubali kwa shingo upande.

"Basi mafuta yapo. Tena tele!"

Benchi zima likapiga makofi. Kamili alikaa chini akapuliza kahawa iliyokwisha poa. Mwalimu akapanda garini, na Redio akamwonyesha mkanda wa kiti, ambao Bujiku alikuwa ameutumia kumfunga jogoo wa Mzee Mageni aliyetakiwa kufikishwa misheni.

"Mwalimu, hufungi mkanda? Nimfungue jogoo?"

"Mwache jogoo. Mimi Moyo upo hapa mbele yangu, mkanda wa nini?" Akafumba macho, akaanza rozari.

Bujiku hakuwa amepiga makofi. Alikuwa ameogopa. Injini ikikaza porini, Mzee Mageni atachukua ufunguo wake, na udereva utakuwa umekwisha. Akisema kwamba Moyo ni kitaa cha gari, Melania ndiyo amekwenda. Alitamani Kamili angebaki Geita wiki moja zaidi.

Alifungua boneti. Ikasimama wima ikamficha Mwalimu, ambaye sauti yake ya sala ilisikika nyuma yake taratibu. Bujiku akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akakifuta kwa shati, akakichovya tena. Kilitoka kikavu, na nchani kilikuwa na kitu cheusi kilichoganda kama ugali wa jana.

"Je?" Kamili alimnong'oneza begani.

"Hakuna kitu."

"Nilisema!"

"Sema polepole, ngosha! Baba mkwe anasali."

Redio naye akajipenyeza. "Oili Runzewe hakuna. Nilisikia kuna dumu Kahama."

"Kahama nitafikaje?"

Wote watatu wakageuka, bila kuambizana, wakalitazama karai la Mama Anisia. Mama Anisia aliwaona. Alilikumbatia dumu lake dogo la mafuta ya pamba kama mtu anayekaribia kuporwa mtoto.

"Yaya, hapana! Hata msinitazame hivyo. Mafuta haya nimepangia foleni ushirikani mpaka miguu ikavimba."

"Mama, ni ndoa yangu hii," alisema Bujiku.

"Ndoa yako, vitumbua vyangu?"

"Melania amenisubiri tangu mavuno. Leo ndiyo tunakwenda kutangazwa. Gari likifa njiani, Mama, na mimi nimekufa."

Mama Anisia akalilegeza dumu. Melania alikuwa binti wa ubatizo wake, na aliwahi kumsikia akilia nyuma ya kanisa siku ile baba yake alipokataa. Akasonya kwa nguvu.

"Kwa ajili ya Melania, wala si kwa ajili ya sura yako. Tena mmwage taratibu."

Mafuta yakaingia yote kwenye injini, gluu, gluu, mpaka dumu likabaki kupigwa makofi kitakoni. Bujiku akafunga boneti, akapanda, akazungusha ufunguo. Moyo ukawaka. Mwalimu akafumbua macho akautazama kwa furaha. Injini ikakohoa, ikatoa moshi wenye harufu ya vitumbua, ikatulia ikinguruma laini, bila ngoma wala shangwe. Na Moyo ukazimika.

"Umezimika!" Mwalimu Otmar aliruka nje na rozari yake. "Nani? Nani kati yenu ametenda jambo?"

Kwa mazoea wote wakamtazama Kamili.

"Mbona mimi? Nilikuwa nimesimama tu!"

"Basi mafuta yamekwisha," alisema Mwalimu. "Jamani, fanyeni haraka! Mama Anisia, leta mafuta!"

"Mafuta yangu yote yako humo humo ndani, Mwalimu," alijibu Mama Anisia akiinua dumu tupu. "Ndiyo maana umezimika."

Mwalimu hakuelewa. Bujiku akaona kwamba angeweza kudanganya hata hapo. Angesema Moyo umetangulia kwa Padri, na Mwalimu angekubali. Lakini alimwona mzee amesimama juani na uso uliojaa hofu, hofu ya mtu aliyeacha taa ya altareni ikazimika, na roho ikamuuma. Akaibandua picha taratibu isichanike, akamkabidhi mkononi.

"Baba, tazama. Hiki ni kitaa cha gari. Kinawaka gari likiwa linaomba oili. Kikizimika, limeshiba."

Mwalimu aliinama akakichungulia kitaa. Akaitazama picha. Akakichungulia tena.

"Kwa hiyo kanisani taa ikizimika ndiyo inaomba, na kwenye gari ikiwaka ndiyo inaomba?"

"Ndiyo, Baba."

"Nani aliyepanga mambo namna hii?"

"Wazungu," alisema Redio.

"Hata ile ya altareni ilikuja na wazungu," alisema Kamili. "Wangekaa kwanza wakaelewana."

Hakuna aliyecheka, maana Mwalimu alikuwa bado anamtazama Bujiku.

"Ulijua tangu lini?"

"Kwamba ni kitaa nilijua siku ya kwanza. Kwamba kinaomba oili nimejua leo. Nilinyamaza kwa sababu ya Melania, Baba. Nilivyoona unanipa kiti chenye mto, sikuweza."

"Gari linakulilia kwamba linakufa, wewe unalibandika picha usoni. Na binti yangu akikulilia, utambandika nini?"

"Nitafungua boneti nitazame, Baba."

Kicheko kilimtoka Kamili puani. Redio alianguka juu ya benchi. Bujiku, alipojisikia alichosema, alitamani kuingia chini ya gari akakae na jiwe lake.

"Mwalimu," Mama Anisia alisema haraka, akijifuta machozi ya kicheko kwa kanga, "kijana ana maana kwamba atamsikiliza."

"Nimeelewa ana maana gani," alisema Mwalimu, na pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, kisha akaikemea ikatulia. Aliiweka picha ndani ya kitabu chake cha sala, akapanda garini.

"Tunakwenda, Baba?" Bujiku aliuliza, hakuamini.

"Tunakwenda. Padri nimemwahidi."

"Na lile tangazo la ndoa?"

"Tutalizungumza tukifika."

"Tukifika?"

"Nimesema tukifika."

Kamili akaondoa jiwe. Pijo ikayumba, na harufu ya vitumbua ikatanda barabarani mpaka mbwa wawili wakaanza kuifuata. Ndipo Mwalimu Otmar akainama, akamfungua jogoo wa Mzee Mageni, akampakata, na akajifunga mkanda, akiuvuta mara kwa mara kuhakikisha umeshika.

"Leo unajifunga, Mwalimu?" Redio alipiga kelele akilikimbilia dirisha. "Si ulisema mkanda wa nini?"

"Nilisema nikijua anaendesha Bwana," alijibu Mwalimu Otmar akifanya ishara ya msalaba. "Sasa nimejua anaendesha Bujiku."