Mpiga Makasia wa Bariadi

Wananchi wote wa Mkoa wa Simiyu mnatangaziwa kwamba amepatikana bingwa wa akili, kijana Masunga, msomi wa bweni, ambaye hajawahi kushindwa na jambo lolote. Hisabati na Fizikia tusizitaje.

Bingwa huyu alikuja likizo Bariadi kwa mjomba wake Novatus, muuza mabati mwenye kitambi cha heshima. Daktari alikuwa amemwagiza mjomba afanye mazoezi. Mkewe, Anti Nancy, akamnunulia saa ya kisasa inayotambua mazoezi yenyewe na kuyapeleka kwenye simu yake, kisha akatunga sheria: saa ikiona mazoezi, jioni kuna nyama; isipoona, mlenda. Mjomba alikuwa amekula mlenda wiki nzima, na alianza kuuzungumzia kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Masunga akanusa fursa. Alimfuata dukani, akamwamkia kwa adabu ambayo ingemtia shaka mtu yeyote mwenye akili timamu, akamweleza kwamba mwili unaweza kupumzika huku saa ikihangaika. Ujira wake ungekuwa nusu ya nyama.

"Nusu?" mjomba akauliza.

"Nusu ya mlenda nakuachia bure, mjomba."

Wakakubaliana. Sasa alihitajika mtu wa kutoa jasho, maana bingwa hatoi. Bibi Minza, mama yake mjomba, kila asubuhi husukasuka kibuyu cha maziwa mpaka siagi itoke. Masunga akamvisha saa, akamwambia ni bangili ya kuondoa maumivu ya kiwiko. Bibi aliitazama bangili, akamtazama mjukuu, akasema tu kwamba inang'aa.

Jioni Anti Nancy akafungua simu. Saa ilikuwa imetambua zoezi la kupiga makasia.

"Umepiga makasia wapi, Baba Winnie?"

"Mtoni," mjomba akajibu, akiwa tayari amenawa mikono.

Mto wenyewe mwezi ule ulikuwa mchanga mtupu. Ng'ombe walichimbiwa visima humo ndipo wanywe. Mlenda ukaletwa.

Msomi hakukata tamaa. Kosa, aliamua, ni la saa kujifanya inajua. Asubuhi akaingia kwenye mipangilio, akazima ule utambuzi, akachagua "kutembea" kwa mkono wake, akamvisha bibi. Sasa saa ingeandika ilichoambiwa, kama kidato cha kwanza. Bibi akimaliza maziwa, Masunga angeisimamisha. Kisha akajilaza kidogo, kwa kuwa akili kubwa huchoka mapema.

Alipoamka, kibuyu kilikuwepo. Bibi hakuwepo.

Alimtafuta kwa majirani, sokoni, hata kanisani. Bibi alirejea wakati chakula kinapakuliwa. Masunga akamvua saa mlangoni bila hata kumwuliza alikotoka, akaibana mkononi mwa mjomba. Kilichomtoka kichwani ni hiki: saa iliyozimwa utambuzi haijui kwamba matembezi yamekwisha.

Anti Nancy aliitazama simu, na ramani iliyokuwa ndani yake.

"Pole na safari, Baba Winnie. Maswa hawajambo?"

"Hawajambo," mjomba wangu akajibu, akivuta bakuli la nyama.

"Umetembea kwenda na kurudi. Kwa mwendo wa basi."

"Na basi lenyewe lina vumbi," Bibi Minza akasema kutoka mkekani. "Lakini dada yangu ameipenda sana hii bangili. Na kiwiko kimepona."

Nimeandika "mjomba wangu"? Basi, nimenaswa. Masunga ni mimi.

Mjomba alininyooshea kidole kabla sijaanza kumnyooshea changu. Nyama yote akapewa bibi, kwa kuwa ndiye peke yake aliyefanya mazoezi. Anti amewasha tena utambuzi, na saa naivaa mimi, mpaka shule zifunguliwe. Kila asubuhi nasukasuka kibuyu, na siagi inapokaribia kutoka, saa inatetemeka na kunipongeza kwa kupiga makasia.

Jioni mjomba hunigawia mlenda wake. Nusu, kama tulivyokubaliana.